Ajira ya Ukurasa wa Tatu

"Hongera, msaliti!" Makasi kinyozi alimrukia Spika kabla hajaketi sawasawa kwenye benchi la kahawa kijiweni. "Unaajiriwa shirika la kimataifa, sisi tunakuja kujua gazetini!"

Spika alikunja fimbo yake nyeupe. Miaka kumi na minne alikuwa mpokea simu wa hospitali, na sauti yake ndiyo iliyompa jina. Kisha ikaletwa mashine ya kupokea simu. Tangu hapo, kazi yake ikawa kutuma maombi ya kazi.

"Nimeajiriwa wapi?"

Mhariri, muuza magazeti asiyeuza gazeti kabla hajalisoma, akakohoa kama mheshimiwa. "Ukurasa wa tatu. 'Shirika latimiza ahadi: asiyeona aajiriwa mapokezi.' Na picha yako hii hapa, mbele ya kompyuta, umetabasamu kama bwana harusi."

"Na tai!" Shangazi muuza kahawa akadakia.

"Tai yao. Walinivua nilipokuwa natoka."

Benchi zima likaangua kicheko.

"Ule ulikuwa usaili, jamani! Nikawaambia kompyuta naitumia, mradi inisomee kwa sauti. Wakasema, 'Usijali, hata haijawashwa. Weka tu mikono, angalia huku.' Angalia huku! Mimi!"

"Ukaangalia?"

"Nikaangalia. Mtu ana shida na kazi, atafanyaje? Wakasema watanipigia."

"Si wamepiga?" Makasi akasema. "Picha."

"Hao hao walifanya semina ya ujumuishi wa wenye ulemavu hotelini, siku tano," Mhariri akaongezea. "Ghorofa ya nne, lifti mbovu. Wenye viti vya magurudumu walijumuishwa maegeshoni."

Safari hii Spika hakucheka. Alimkumbuka mkewe, ambaye kila usiku alihakikisha simu ya mumewe ina chaji, wasije wakapiga wakaikuta imezima.

Akasimama. "Saa ngapi?"

"Saa tatu na robo."

"Basi nimechelewa kazini. Mhariri, gazeti. Makasi, nipe bega."

Mlinzi wa shirika alikuwa ameshaiona picha, akapiga saluti. Spika akaketi mapokezi, akapapasa meza. Simu ikaita, akapokea. Alikuwa kwenye simu ya nne aliposikia viatu vya mkurugenzi vikija mbio.

"Nani kakuajiri wewe?" mkurugenzi akanong'ona kwa hasira.

Spika akamkabidhi gazeti. "Ninyi."

Mkurugenzi akageukia mlango. Wafadhili wa shirika walikuwa wanaingia kwa ziara. Mama mmoja akaushika mkono wa Spika kwa mikono miwili.

"Tumekusoma gazetini! Tuambie, unahitaji nini ili ufanye kazi yako vizuri?"

"Mengine tutaelewana, mama," Spika alijibu taratibu. "Kwa leo naomba mkataba tu."

Mkurugenzi akacheka peke yake, kisha akaita karani.

Mkataba ulipoletwa, Spika aliomba usomwe kwa sauti, neno kwa neno, wageni wakisikiliza. Ukasomwa. Akatia sahihi. Makasi akatia ya shahidi, na penye nafasi ya cheo akaandika kwa herufi kubwa: MJUMBE WA KIJIWE.