Vitufe vya Kompyuta Vimeniharibia Posa

Kiwanda cha Matofali,
Wazo, Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi ya kusoma malalamiko ya watu wazima. Mimi ni mfyatua matofali, mtu wa Muleba, darasa la saba sikulimaliza. Naomba gazeti lako liwafikishie watengenezaji wa kompyuta, popote walipo, haya yafuatayo. Sitatukana, ingawa sababu ninayo.

1. Ofisini kwetu kuna kompyuta mbili. Ile nyeusi ndiyo niliyojifunzia wakati wa mapumziko ya mchana. Kukopi maneno unabonyeza Control na C. Kupesti, Control na V. Vidole vyangu vimekakamaa kwa saruji, lakini vilishika. Kisha bosi akaleta ya bintiye wa Mikocheni, yenye tunda lililong'atwa mgongoni. Hiyo inataka Command, kitufe kingine kabisa. Ukiibonyezea Control haikatai wala haigombi, inanyamaza tu. Mhariri, hata mbuzi ukimshika vibaya hulia.

2. Juzi niliandika barua ya posa kwa Mzee Eliaichi wa Chanika, baba yake Vaileth. Ile nyeusi ilikuwa mbovu, nikakaa kwenye ya tunda. Aya ya ahadi zangu, ya kumpenda na kumtunza, nilikuwa nimeiandika pembeni mpaka ikapendeza. Nikaikopi kwa Control, mazoea. Karani wetu Jovina akapita nyuma yangu: "Braza Kasi, hiyo ni Command, utazeekea hapo!" Basi nikapesti kwa Command. Kumbe ahadi hazikuwa zimekopiwa. Yakaingia maneno ya mwisho aliyoyakopi Jovina, masharti yetu ya kuuza matofali. Nje mshenga wangu Leonardi yuko juu ya bodaboda, anapiga honi. Nikachapa, nikafunga bahasha bila kusoma.

3. Posa husomwa mbele ya ukoo. Wajomba na mashangazi wakasomewa kwamba mimi Kasiani, baada ya kuvutiwa na tabia njema za binti yenu, natamka hivi: "Mzigo ukishapokelewa haurudishwi. Ukipata ufa, ni juu ya mpokeaji. Hakuna kubadilisha kwa mwingine." Leonardi anasema sebule ilinyamaza kama ile kompyuta, kisha shangazi mmoja akauliza, "Na usafiri ni juu ya nani?" Tangu hapo Vaileth hapokei simu. Kiwandani naitwa Mzigo.

4. Sururu inashikwa namna moja Muleba na Chanika. Shikamoo hujibiwa marahaba kwa tajiri na kwa maskini, hakuna nyumba utakayoamkia ukaambiwa, "Hapa kwetu hiyo haifanyi kazi, jaribu nyingine." Sisi tumekubaliana hilo bila kikao wala posho. Nyie wenye elimu mmeshindwa nini?

5. Kwa hiyo nadai kitufe kimoja, mahali pamoja, kompyuta zote. Wakikataa, aliyebuni Command aje mwenyewe Chanika, avae suti, apige magoti kwa Mzee Eliaichi, aeleze. Posa ikikwama kabisa, anipe binti yake. Na posa hiyo nitaiandika kwa mkono.

Nisalimie wapanga kurasa, wauza magazeti, na kila aliyewahi kubonyeza akanyamaziwa.

Ni mimi niliyechoka,
Kasiani Projestus (Mzigo)

N.B. Kabla sijaituma barua hii, Leonardi, aliyekwenda kufuata jibu, amerudi kutoka Chanika. Mzee Eliaichi amekubali! Anasema Asifiwe, dada yake Vaileth, aliolewa na mtu aliyejaza mapenzi kurasa nzima, akamrudisha nyumbani kabla mahindi hayajakomaa. "Huyu ndiye wa kwanza kutuandikia kwamba harudishi, na hata ufa ni juu yake." Tafadhali waambie wasiguse kitufe hata kimoja. Vaileth naye kapiga simu. Anauliza usafiri ni juu ya nani.