Mlolongo Nyuma ya Kitabu Kinene

Jumatatu, 3 Juni 1996
Mwalimu wa kujitolea amerudi kwao Ulaya. Ametuachia vitabu viwili vya mchezo wa anga. Watu hukaa mezani, mmoja anasimulia safari, wengine wanakuwa rubani, daktari, fundi wa chombo. Dadu inaamua nani anapona. Kinene nimekichukua mimi. Chembamba amekichukua Cleophas, jirani yangu hapa Shirere, kwenye ploti ya vyumba tunavyopanga. Jumamosi tutachagua kimoja, na mwenye kitabu ndiye msimulizi. Msimulizi! Maisha yangu yote nimetaka watu wanyamaze wanisikilize mimi. Cleophas amenipongeza kwa kupata kinene. Anipongeze kwa nini?

Jumanne, 4 Juni
Nimesoma kurasa nne kati ya mia tatu. Majedwali matupu! Kuwasha injini, jedwali. Kupiga chafya angani, jedwali. Si kitu. Kitabu cha Cleophas kinataka dadu ya pande ishirini, na Kakamega nzima haipatikani. Changu kinataka dadu ya ludo tu. Nimeongeza chai kwa furaha.

Jumatano, 5 Juni
Mungu wangu! Nilisahau Cleophas anasomea useremala katika chuo cha Sigalagala. Amechonga dadu yake kwa mti wa mpera, akaipiga msasa. Nikaiomba niishike tu. Nikairusha mara hamsini. Ishirini ikatokea mara tatu. Mara tatu! Nikawaambia wenzetu huo ni wizi. Nekesa, anayesomea ualimu wa hesabu, akasema ndivyo inavyotakiwa. Kumbe naye yumo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimempelekea Wanjala, mchezaji mwenzetu, muwa. Akautafuna wote, kisha akasema hata bila muwa angenichagua. Mtu mwema hivyo ana lake jambo. Dada yake, Jescah, amekataa ndizi zangu. Eti mimi siaminingi mtu. Nani kamwambia?

Ijumaa, 7 Juni
Cleophas ametaka kura ya siri. Siri! Nimekataa katakata. Nimedai mlolongo, kama ule wa uchaguzi wa themanini na nane: kila mtu asimame nyuma ya amtakaye, mchana kweupe, nimwone msaliti. Cleophas akakubali palepale. Palepale!

Jumamosi, 8 Juni
Tulisimama uani, kando ya kamba ya nguo. Sikuwa nimewaza jambo moja: wa mbele huwapa wenzake kisogo. Nikasikia nyayo. Nikageuka. Wanjala, Jescah na Nekesa, wote nyuma yangu! Nyuma ya Cleophas, kuku wa mwenye ploti. Nilitaka kulia kwa furaha. Kisha nikamwona Cleophas anatabasamu. Ala! Wanataka nihangaike na majedwali huku wao wakitafuna njugu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikachomoka mbio, nikasimama nyuma ya Cleophas. Wale watatu wakatazamana, wakanifuata. Jescah akasema ikiwa mwenye kitabu amekikimbia, wao ni nani wabaki nacho?

Jumapili, 9 Juni
Tumecheza tangu watu watoke kanisani. Cleophas anasimulia vizuri mno, nimeumia roho. Nekesa amenieleza kwamba walinitaka mimi kwa sababu hakuna anayebuni maadui kama mimi. Nikamwambia aache uongo. Sasa nimeelewa kila kitu: Cleophas alitabasamu makusudi. Nimedai uchaguzi urudiwe Jumamosi, kwa mlolongo. Safari hii sidanganyiki. Nitasimama mwisho kabisa wa mlolongo wangu, niwaone wote.