Mteremko wa Bwana Hussam

Hussam wa Kibokoni alikuwa akijua kila kitu duniani, isipokuwa namna ya kuuliza!

Mvua ikinyesha, yeye aliijua tangu jana. Meli ikikwama, yeye ndiye wa kueleza nahodha alipokosea. Basi alipochaguliwa mwenyekiti wa ukumbi wa harusi wa mtaani, watu walitazamana tu. Ukumbi umekwisha!

Ukumbi wenyewe ulikuwa na ngazi za mawe, kali kama mawifi. Bi Ummulkheir, muuza kanga wa Biashara Street, alitumia kiti cha magurudumu tangu utotoni, na kila harusi vijana walimbeba mzobemzobe. Huyu kashika gurudumu, yule kashika buibui, naye akipiga kelele: "Niteremsheni! Nimealikwa, mimi si kabati!"

Safari hii bibi harusi alikuwa Bayan, mpwa wake aliyemlea mwenyewe. Bi Ummulkheir akaapa: "Nitaingia kwa mikono yangu, au siingii."

Hussam akajipiga kifua. "Yakhe, niachieni mimi! Nitamjengea mteremko ambao hata masultani hawakuwa nao!"

Akaitwa fundi Kazungu kutoka Majengo. Kabla hajachanganya saruji, akauliza: "Bwana Hussam, hatumwiti mwenyewe aje tuone kiti chake kinavyopita?"

"Ala! Wewe ukijenga banda, huwaita kuku mkutano?"

Neno hilo lilifika Biashara Street kabla ya adhana ya adhuhuri, na njiani lilikuwa limeshaota manyoya. Bi Ummulkheir akaikunja kanga aliyokuwa akimwonyesha mteja, akasema taratibu: "Mwambieni jogoo, kuku watakuja."

Mteremko ukakamilika. Subhanallah! Ulisimama kama mnazi uliokasirika, kwa sababu Hussam hakutaka umege nafasi ya baraza lake la kunywea kahawa ubavuni mwa ukumbi. Aliupamba kwa vigae vya bafuni, buluu, vya kung'aa hata ukajiona meno. Chuma cha kushikia alikiweka juu sana, sijui aliwakusudia twiga. Kule juu, mlango ulifungukia nje.

Na wasioona hakuwasahau! Ukutani aliandikisha kwa rangi nyekundu, herufi za kimo cha mtu: WASIOONA WASHIKE UPANDE HUU.

Siku ya ufunguzi ilikuwa asubuhi ya manyunyu, mwaka ule wa mvua za El Nino. Hussam alitoka na kanzu nyeupe pe, marashi yakimtangulia, na mpiga video wa kukodi amnase kila pembe.

Kamaludin, mpiga kinanda asiyeona, akafika akigongagonga kwa fimbo yake.

"Sabalkheri, Hussam. Nasikia umetuandikia kitu."

"Naam! Maelezo yenu hayo, mbele yako kabisa."

"Mungu akulipe. Nitayasoma nikipata wasaa."

Watu wakaangua kicheko. Hussam naye akacheka, maana hakuelewa.

Bi Ummulkheir akausogelea mteremko, akautazama kuanzia chini hadi juu. "Hussam mwanangu, hii ni njia, au ni ukuta uliopata usingizi?"

"Kazi ya kitaalamu hii, Bi Ummulkheir! Kupanda kwake ni kama kunywa maji."

"Basi hebu kunywa tuone." Akajihamishia kwenye benchi la Mama Kombe, muuza viazi karai wa ng'ambo ya uchochoro, akamsukumia Hussam kiti. "Panda wewe. Mimi kuku natazama."

Hussam akageuka kutafuta pa kutokea. Lakini video inazunguka, mtaa mzima umekodoa macho. Angekataaje?

Akaketi. Akasukuma. Kanzu ikaingia kwenye gurudumu, akaichomoa. Katikati kiti kikaanza kumrudisha nyuma. Akanyoosha mkono kutafuta chuma, akashika hewa. Lo! Kwa kudra za Mwenyezi Mungu akafika juu.

"Mnaona?" akapaza sauti. "Mnaona?"

Sasa mlango. Akauvuta. Mlango ukamjia, ukamsukuma magoti. Mkono mmoja kitasani, mmoja gurudumuni, vigae vimelowa...

"Kazunguuuu!"

Kiti kikarudi kinyumenyume kama mkokoteni uliomponyoka hamali pale Makupa. Kofia ilibaki juu, mwenyewe akateremka. Akampita Kazungu. Akampita mpiga video. Akavuka uchochoro, akarushwa, akatua makalio ndani ya beseni la Mama Kombe la chatini ya ukwaju.

Watu wakakimbilia beseni.

"Na pilipili nimeshatia," akasema Mama Kombe.

Mguu ulikuwa umeteguka. Wanaume wanne wakambeba mzobemzobe, kanzu ikichuruzika, madirisha yote yamejaa vichwa.

"Tumpeleke kwao?"

"Tumwogeshe kwanza."

"Mlazeni ubavu, anapenda hivyo."

"Niulizeni mimi!" akalia Hussam. "Mwenye mguu ni mimi!"

Wao wakazidi kubishana. Bi Ummulkheir peke yake ndiye aliyemtazama, akainua nyusi. Nyusi zile zilimuuma Hussam kuliko mguu.

Kesho yake Hussam akamtuma mtu kwa Kazungu: vunja, kisha fanya watakavyokuambia wenyewe. Bi Ummulkheir akaja na kiti chake, Kamaludin na fimbo yake. Njia mpya ikazunguka ubavuni, ndefu na ya upole, ya saruji yenye kukwaruza. Baraza la kahawa likamegwa lote. Chuma kikashuka, mlango ukafungukia ndani. Maandishi mekundu tu Kamaludin alikataa yafutwe: "Nikisikia watu wanacheka, ndipo nitakapojua nimefika."

Siku ya harusi Bi Ummulkheir alipanda mwenyewe, polepole, akapumzika katikati kwa raha zake, akapanda tena. Vigelegele vilivyopigwa Hussam alivisikia kutoka kitandani kwake. Wanasema Bayan aliinuka pale alipopambwa, akalia hata wanja ukamfika kidevuni.

Ikaja siku ya kikao cha ukumbi, na safari hii Bi Ummulkheir aliombwa kukiongoza. Bi Ummulkheir akatangaza kuwa tangu sasa, wa kwanza kusema ni yule anayeitumia njia yenyewe. Papo hapo gongo la kutembelea likainuliwa nyuma.

"Basi nianze mimi!" akasema Hussam. "Mimi pia sasa ni mwenzenu!"

"Mguu wako utapona wiki ijayo," akajibu Bi Ummulkheir. "Keti."

"Mwacheni aseme," akasema Kamaludin. "Ni mwenzetu wa siku nyingi. Huyu ugonjwa wake si mguu, ni masikio."

"Nimekusikia!" akafoka Hussam.

"Alhamdulillahi!" akasema Kamaludin. "Ameanza kupata nafuu."