Vidole Vyangu Mbele ya Mashine

Jumatatu, 3 Novemba

Mkutano wa wafanyakazi wote. Hata sisi wa usafi tumeitwa, tukasimama nyuma na ndoo zetu. Mkuu wa kompyuta, binti mwembamba tunayemwita Dada Mitambo, ametueleza yanayokuja mwaka ujao. Akili bandia itajibu barua za wateja. Kumbukumbu za kampuni zitahamia kwenye mitambo ya kukodi, mbali huko. Nywila basi, milango itafunguliwa kwa kidole, na hilo linaanza mapema, Jumatatu ijayo. Tusajili vidole kabla ya Ijumaa jioni. Asiyejulikana na mlango hana kazi.

Nimetikisa kichwa mkutano mzima kama mtu anayesahihisha. Shangazi wa chai akaninong'oneza: akili bandia ndiyo nini? Nikamweleza dakika kumi. Mimi, niliyeishia darasa la sita. Akanishukuru. Aibu kidogo.

Nyumbani, safari ya siku mbili kutoka hapa, mke wangu anajua niko kitengo cha kompyuta. Si uongo wote. Napiga deki pale kila siku.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda kusajili. Dole gumba: taa nyekundu. Kidole cha shahada: nyekundu. Vyote kumi: nyekundu! Dada Mitambo akaniuliza kwa upole kama nimenawa mikono. Mimi! Miaka kumi na moja mikono yangu haijatoka kwenye sabuni! Nikaitazama vizuri. Ncha za vidole zimekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Dawa ya choo imefuta alama zote.

Mlinzi wa mlangoni, adui yangu, akaweka chake. Kijani. Akaweka cha mkono wa pili. Kijani. Akauliza kama na vya miguu vinatakiwa, maana anavyo. Watu wakacheka.

Dada Mitambo akasema si tatizo, ipo kadi, nijaze tu fomu na kueleza sababu. Niandike kwa mkono wangu kwamba choo kimenila vidole? Mbele ya mlinzi? Nikamjibu kwamba kadi ni teknolojia ya zamani, na mashine yake ni ya bei rahisi. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Masikio yaliniwaka hadi jioni.

Jumatano, 5 Novemba

Mbinu. Nimelala na mafuta ya mgando vidoleni, soksi juu yake, ili alama ziote. Asubuhi nikaiwahi mashine kabla ya watu. Nyekundu. Nikakandamiza. Nyekundu. Wakaja wengine kusajili. Kioo kimejaa mafuta, hakimtambui mtu! Foleni ikafika ngazini. Mkurugenzi mwenyewe akakataliwa. Ikapigwa simu: aitwe mtu wa usafi. Nikaja na kitambaa, nikafuta. Mkurugenzi akasema kazi nzuri. Laiti ningezama kwenye ndoo.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku ya mwisho. Nimemfuata Shangazi jikoni, nikamwomba asajili kidole chake kwa namba yangu. Akanitazama sana. Akasema, mwanangu, watu huazima chumvi. Nikamwambia nikifukuzwa wanangu wataacha shule. Ni kweli, ndiyo maana inaniuma kwamba niliitumia. Akajifuta mikono kwenye aproni.

Dada Mitambo alipokwenda kula, nikabonyeza namba yangu ya kazi, Shangazi akaweka kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Kijani! Nimeahidi kumbebea mabirika hadi ghorofa ya tatu, maisha yangu yote.

Jumatatu, 10 Novemba

Asubuhi mambo shwari. Shangazi kaweka kidole cha shahada, kaingia yeye. Kaweka cha pete, nikaingia mimi. Nikampita mlinzi kifua mbele.

Saa nne nimeingia chumba cha mitambo nyuma ya Dada Mitambo. Nikainama kupiga deki nyuma ya makabati. Akatoka bila kuniona. Mlango, pu! Kumbe hata kutoka ni kidole. Na mle ndani baridi yake ni ya kuhifadhia nyama. Nikagonga. Mlinzi kaniona kwenye kamera, kaja hadi kwenye kioo cha mlango, kanipungia mkono, kaondoka. Saa nzima!

Shangazi akapita na birika. Akaniona kwenye kioo cha mlango natetemeka. Chake mwenyewe hakifungui pale, changu kinafungua. Hakufikiri mara mbili. Akaweka cha pete. Mlango ukafunguka, na kiwambo cha ukutani kikamkaribisha kwa picha yangu, masharubu na yote.

Dada Mitambo ndiyo kwanza anarudi. Nyuma yake watu kama ishirini, aliokuja kuwaonyesha mitambo. Birika peke yake ndilo lililokuwa likitoa sauti.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeitwa. Nimekiri. Nikamwonyesha vidole. Dada Mitambo akanishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Akasema mama yake alikuwa mfua nguo, naye hana alama hata moja. Akasema watu sita wamejaza ile fomu, akiwemo fundi bomba, na hakuna aliyewacheka. Sikuwa na pa kuweka macho. Nikajaza. Mistari miwili tu. Kadi ikatoka papo hapo.

Nimepewa barua ya onyo. Shangazi naye. Miaka ishirini hapa, onyo lake la kwanza. Hakunisema. Amenimiminia chai kama kawaida, ila akanipita bila kuniita mwanangu. Nilitaka kumwomba radhi. Nikabeba mabirika.

Jumatano, 12 Novemba

Mke wangu kapiga simu. Kauliza habari za kazi. Ulimi huu! Nikamwambia ofisi nzima sasa wanaingia kwa vidole, ila sisi wachache tumepewa kadi maalumu. Akapiga vigelegele. Halafu akasema basi vizuri, shemeji amemaliza kozi ya kompyuta, atakuja wiki ijayo nimshike mkono, aanze chini yangu. Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema aje na vyeti vyake.

Shemeji akifika lazima aone namna ninavyomwingiza kitengoni. Kadi yangu inapitisha mtu mmoja. Nimewaza mchana kutwa.

Shangazi bado ana vidole vinane.