Kuhusu Kichupa cha Mafuta Kilichong'arishwa na Mchumba Wangu

Ndugu Mhariri,
Jarida la Wakusanyaji wa Bunduki za Kale,
Lithgow.

Natumaini barua hii inakukuta u mzima, na mitutu yako haina kutu. Mimi ni Tegan, binti wa mwanachama wenu Des Mulcahy, yule anayekaa meza ya karibu na birika la chai. Ninaandika kulalamika, kwa adabu zote, kwamba chama chenu kinanizuia kuolewa.

Baba ana bunduki ya kijeshi iliyotengenezwa hapa hapa mjini kwetu, kwenye kiwanda cha Lithgow, mwaka 1916. Tangu nikiwa shule ya msingi amekuwa akiitafutia vifaa vyake halisi: mkanda, singe na ala yake, kamba ya kusafishia mtutu, na kile kichupa cha shaba cha mafuta kinachokaa tumboni mwa kitako, nyuma ya kimlango. Kichupa ndicho kilichomtesa zaidi. Alipokipata, chenye chapa ya kiwanda chetu na weusi wake wote wa miaka mia, alikivika soksi na kukilaza kabatini kama kichanga.

Mchumba wangu, Angelo Karydis, anatengeneza meno ya bandia. Jumapili moja alikuja kwetu kula kondoo wa kuoka, akakiona kichupa mezani, akataka kumfurahisha baba mkwe. Akaondoka nacho kimyakimya, akakipitisha kwenye mashine yake ya kung'arishia, akakirudisha kinameremeta kama meno ya mgombea ubunge.

Baba alikitazama, kisha akatafuta kiti.

"Umekichuna ngozi," akasema.

"Nimekisafisha tu, Mzee. Kilikuwa kichafu."

"Kichafu? Ule ulikuwa umri wake, kijana! Umri hausafishwi!"

Tangu siku hiyo ameapa kwamba hatanishika mkono kunipeleka mbele ya padri mwezi wa kumi mpaka bunduki ikamilike tena. Kichupa kinachong'aa hakirudishi humo, na anasema hawezi kusimama kifua mbele kanisani wakati kitako kiko tupu nyumbani. Mama alishafariki. Sina mwingine ninayetaka anishike mkono.

Malalamiko yangu, Ndugu Mhariri, ni haya:

1. Kichupa hakionekani. Kiliumbwa kufichwa. Ni waamuzi wenu wanaokifuata humo kila maonyesho, kwa ukucha na tochi, kama daktari wa masikio. Nilimwambia Baba, "Ukifunga kimlango, nani atajua?" Akanijibu, "Na wewe ukishavaa gauni la harusi, nani atajua umevaa soksi gani? Utavaa zilizotoboka?" Usiku huo nilikagua soksi zangu zote, nikatupa jozi mbili. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

2. Ninyi mnavyo vichupa vya ziada, vyenye chapa sahihi, na mmekataa kumpa Baba hata kimoja. Mmoja wenu alisema mbele ya sahani ya keki, mdomo umejaa, "Des, nakupenda kama ndugu, lakini siwezi kumpeleka yatima kwenye nyumba yenye mng'arishaji." Wenzake wakaitikia kama wako misani.

3. Angelo alijitolea kukichafua upya kwa siki na chumvi. Baba alitoka chumbani bila kuaga. Nimeelezwa baadaye kuwa huko ni kughushi. Kwa hiyo kusafisha ni dhambi, na kuchafua ni dhambi kubwa zaidi. Naomba mtuelekeze binadamu asimame wapi.

4. Kama kanuni ni kanuni, Baba mwenyewe hafai kuwekwa kwenye meza ya maonyesho. Nyonga yake ya kushoto ni ya chuma, tena ya kutoka ng'ambo. Meno yake ya juu yametengenezwa na Angelo yuleyule, yameng'arishwa kwa mashine ileile, na ni ya juzi tu ukilinganisha na mwaka aliozaliwa Baba. Anatafunia nyama meno hayo akimlaani aliyeyatengeneza. Mbona hamjamtundikia ile kadi ya "si kamili" ambayo waamuzi wenu huzibandika bunduki zenye vipuri visivyo vyake? Na kama mnaweza kumvumilia yeye na vipuri vyake, mnashindwaje kukivumilia kichupa ambacho angalau kila kipande chake ni cha asili?

Kwa hiyo naomba chama kitoe tamko, kwa maandishi, kwamba kung'aa si kosa lisilosameheka. Mkishindwa, basi waamuzi wenu waje kanisani na tochi zao, wanikague mbele ya watu, wanibandike kadi yangu mimi: "Bibi harusi, si kamili. Amepungukiwa na baba."

Nifikishieni salamu kwa waamuzi, kwa mweka hazina, kwa akina mama wanaooka zile keki, na hata kwa yule wa yatima. Nabaki mimi, mwenye uchungu lakini mwenye heshima kwenu,

Tegan Mulcahy

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha Bwana Strachan, mwanachama mwenzenu, alipobisha hodi. Ana roho nzuri, huenda kuliko ninyi nyote. Alitoa mfukoni kichupa cheusi tii, hakijaguswa, akasema, "Chukua, binti. Bure. Mpe baba yako, ukaolewe." Machozi yalinilengalenga. Nikakigeuza. Chapa ya Uingereza! Nilimwuliza kwa upole kama haoni haya kuleta kitu kama hicho kwenye nyumba yenye bunduki ya Lithgow. Akaniuliza, "Tegan, unataka mume au unataka kichupa?" Nikamrudishia, nikafunga mlango.

Kwa hiyo usiichapishe barua hii. Chapisha tangazo: kinatafutwa kichupa cha shaba, chapa ya Lithgow, kisichong'arishwa. Harusi imesogezwa hadi mwezi wa nne mwakani. Baba ameafiki. Angelo bado hajaambiwa.