Nishani ya Mama wa Bendera Mliyoicheka Mbele ya Supu Yangu

Leoben, Jumatano asubuhi

Kwa Mheshimiwa Bwana Mshauri Adalbert Kaltenegger,
Mwenyekiti wa Chama cha Wakusanyaji wa Nishani za Askari Wastaafu

Mheshimiwa Bwana Mshauri,

Nakuandikia nikiwa na furaha kubwa na hasira kubwa, na naomba usizichanganye. Furaha ni kwa sababu mwezi Mei niliolewa na Gernot Zwittnig, mwanamume mpole kuliko wote katika bonde zima la mto Mur, ambaye kila asubuhi hunimenyea tofaa na ganda likatoka zima kama utepe. Hasira ni kwa sababu yako.

Nishani ninayoisema unaijua. Ni ya shaba. Upande mmoja ina mikono miwili iliyoshikana chini ya bendera, upande wa pili maneno "Kumbukumbu ya Kubarikiwa kwa Bendera", bila jina la kijiji wala mwaka. Gernot alinipa asubuhi ya kwanza baada ya harusi, akaibandika mwenyewe kwenye gauni langu la kulalia. Mabibi harusi wengine hupewa mikufu. Mimi nilipewa kumbukumbu ya wazee waliowahi kumpigania Kaizari, na nililia kwa furaha mpaka kahawa ikapoa. Aliniambia ilikuwa ya mama wa bendera, yule mwanamke ambaye kila chama cha askari wastaafu kilimchagua ili afunge utepe kwenye bendera mpya siku padri anapoibariki. "Na mimi sasa nimempata wa kwangu," akasema. Nieleze, Bwana Mshauri, kama wewe uliwahi kumwambia Bibi Kaltenegger neno zuri namna hiyo.

Mwanzoni mwa mwezi huu aliileta kwenye jioni yenu ya kutambua nishani, katika chumba cha nyuma cha mkahawa wa Bi Gusti, ili ipate nafasi kwenye maonyesho ya Oktoba. Ni mimi niliyemhimiza. Yeye, kwa unyenyekevu wake, alitaka ibaki nyumbani. Nilikuwepo, nimeketi karibu na jiko na bakuli langu la supu ya maboga, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Kwanza. Mlicheka kabla ya kutazama. Gernot hakuwa hata amemaliza kufungua kitambaa, wewe ukasema, "Gernot, kijana wangu, hii umeichuma kwenye mti wa Krismasi?" Na Mhandisi Trummler, katibu wako, ambaye ndevu zake zilikuwa na povu la bia, akadakia, "Askari aliyeivaa alikuwa paka, Bwana Mshauri. Tazama fundo la kipepeo, kama la shingoni mwa paka!" Meza nzima ikapiga kelele. Mzee mmoja alicheka hadi meno yake ya bandia yakahitaji msaada. Hakuna aliyekuwa ameshika kioo cha kukuzia. Watu wanaojiita wataalamu walitambua nishani kwa matumbo yao.

Pili, hilo fundo lenyewe. Kosa lote la nishani ya mume wangu, mlivyosema, ni kwamba utepe wake haukukunjwa pembetatu. Nimeishi katika nchi hii maisha yangu yote, najua kwamba kwetu utepe wa nishani hukunjwa pembetatu. Babu yangu alizikwa na pembetatu tatu kifuani. Lakini pembetatu ni ya kifua cha mwanamume. Mwanamke alivaa nishani kwenye fundo la kipepeo, na jambo hilo Gernot amelisoma na akanisomea nami kitandani, tena kwa sauti inayostahili mambo mengine kabisa. Ninyi nyote kumi na kitu mlioizunguka ile meza hamkuwaza hata mara moja kwamba nishani ya mama wa bendera huenda ilivaliwa na mwanamke. Sishangai. Mwanamke pekee mnayemwona kila mwezi ni Bi Gusti, na hata yeye mnamwona akiwa nyuma ya sinia.

Tatu. Utepe ule ni mweupe na kijani, rangi za mkoa wetu wa Styria, na pembeni una uzi wa dhahabu. Nilisimama nikawaambia hivyo. Mhandisi Trummler akanijibu, "Bibi mdogo, supu yako inapoa." Basi namuuliza Mhandisi, kwa heshima zote: chama cha wakulima waliorudi vitani na mguu mmoja kingemtilia nani uzi wa dhahabu, kama si mwanamke aliyeheshimiwa na kijiji kizima? Kwa uzi huo huo nimefikia uamuzi kwamba mama huyu wa bendera alikuwa mtu wa cheo, pengine mke wa mwenye kiwanda cha chuma, pengine zaidi. Sitashangaa ikigundulika kwamba alikuwa na damu ya kifalme. Nanyi mlitaka kumtia kwenye sanduku la sigara lililoandikwa "Haijulikani".

Nne, sanduku hilo. Nimelichungulia, Bwana Mshauri, wakati mlipokuwa mkigombea kipande cha mwisho cha strudeli ya tofaa. Limejaa! Nishani za vyama vya wapanda farasi, za wapiga mizinga, za vijiji vizima ambavyo watu wake waliandamana nyuma ya tarumbeta, zote zimelala humo kwa sababu hazikuandikwa jina la mahali na ninyi mkachoka. Kutambua nishani iliyoandikwa jina, hata mbuzi ataweza. Ni ile iliyonyamaza inayohitaji mtaalamu. Gernot wangu alikaa na ile ya mama wa bendera majira yote ya kuchipua, wakati wa uchumba wetu, akilinganisha ile mikono iliyoshikana na mihuri ya mafundi wa zamani, na aliponibusu alinukia mafuta ya kusafishia shaba. Sasa nikipita karibu na duka la fundi kufuli, kwa harufu hiyo moyo wangu hudunda.

Tano, nalo ndilo linalonifanya niandike. Tangu jioni ile mume wangu hajakaa mezani kwake. Mbao anazobandikia nishani zake amezifunga kwa magazeti na kuzitia chini ya kitanda. Anasema huenda akawauzia watu wa Graz. Nikimuuliza, ananijibu, "Yaishe, Hemma. Tusiwasumbue wazee." Hana kazi ya jioni, kwa hiyo ananitazama mimi. Nikikaanga viazi, ananitazama. Nikikunja soksi, anapumua kwa huzuni na kunitazama. Mwanamke mwenye bahati kama yangu hapaswi kulalamikia kutazamwa, lakini nilimpenda mwanamume aliyeinamia kioo chake, ambaye alikuwa akiinua kichwa ghafla na kupaza sauti, "Hemma, njoo uone, hii ni ya Knittelfeld!" Mwanamume huyo mmeniibia. Namtaka arudishwe.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, haya yafuatayo. Mosi, mumwombe Gernot radhi kwa maandishi, kwenye karatasi yenye nembo ya chama, na Mhandisi Trummler atie sahihi akiwa amefuta ndevu. Pili, nishani iwekwe katikati ya ukumbi wa maonyesho, juu ya mahameli, na nishani zenu zote za pembetatu zipangwe kuizunguka kama wasindikizaji. Tatu, kwa kuwa imethibitika kwamba hamwezi kupambanua kifua cha mwanamume na cha mwanamke, pembetatu zote za chama zifunguliwe na kuchunguzwa upya moja moja, kwani nani ajuaye ni mama wangapi wa bendera mmewakunja kimakosa? Nne, uchunguzi huo niusimamie mimi. Nimemaliza sekondari na macho yangu ni mazima. Tano, utakapoona busara ya kujiuzulu, sitakuzuia.

Nakutakia afya njema na miguu isiyouma. Nisalimie Bibi Kaltenegger, ambaye namfikiria mara nyingi kwa huruma. Nisalimie Bi Gusti, ambaye supu yake haikuwa na kosa lolote, na wazee wote wa meza ile, pamoja na yule wa meno. Hata Mhandisi Trummler mpe salamu, ila umpe mwishoni.

Wako mwenye heshima nyingi na aliyeolewa vizuri kuliko wote,
Hemma Zwittnig

Nyongeza: Nimemsomea Gernot barua hii kabla ya kuifunga, nikitegemea ataniangukia kifuani. Badala yake aliketi juu ya kikapu cha nguo. "Hemma, mpenzi, usiipeleke," akasema. Kumbe nishani aliinunua ikiwa tupu, haina utepe wowote. Utepe ulitoka kwenye boksi la keki ya harusi yetu, ndiyo maana una uzi wa dhahabu, na alifunga kipepeo kwa sababu kukunja pembetatu kulimshinda. Kwamba ilikuwa ya mama wa bendera alilibuni palepale, aliponiona nimeanza kulia. "Ulifurahi mno," akasema. "Ningeanzia wapi?" Muda wote huu hakuwa amevunjwa moyo na ninyi. Alikuwa akiogopa tu Trummler asije akaniuliza harusi yetu ilikuwa na keki gani.

Barua naituma hata hivyo, kwa sababu kucheka mlicheka, na stempu nimekwisha kuibandika. Maombi yale matano yafuteni. Nina moja jipya: Gernot amezitoa mbao chini ya kitanda, yuko mezani, na amekwisha kujichoma sindano vidole viwili akijaribu kukunja pembetatu. Tafadhali mtume Mhandisi Trummler kwetu Jumamosi aje amfundishe. Nitapika. Alete utepe wa kweli wa nishani ile, kama anaujua. Ule wa keki asiuguse, nimeuvaa.