Nguo Thelathini kwa Siku

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la wengi wenye biashara ndogo ni kuhesabu kinachoingia na kusahau kinachotoka. Mimi nimefundisha hesabu hadi nikastaafu; halinipati. Ufuaji wangu uko hivi. Kodi ya chumba na malipo ya mashine: elfu sita kwa siku, nifue nisifue. Kila nguo nalipwa mia tatu. Sabuni, maji na umeme vinakula mia. Nilipima kwa shati langu mwenyewe. Inabaki mia mbili. Kwa hiyo nguo thelathini kwa siku zinarudisha gharama zote. Ya thelathini na moja ni faida!

Leo: nguo tisa. Cherehani ya mke wangu iko kwa fundi aliyeniuzia mashine, rehani ya deni langu hadi Ijumaa jioni. Mke wangu anajua imepelekwa kutiwa mafuta.

Jumanne, 4 Machi

Nguo kumi na moja. Ng'ambo ya barabara, Bwana Pasi, dobi asiyejua hata kugawanya, ana foleni. Anatoza kwa kilo. Ushamba! Nimebandika tangazo: NGUO YOYOTE, MIA TATU.

Mke wangu kauliza ni mafuta gani hayo yanayotiwa siku mbili. Nikamweleza kwa kirefu aina za mafuta ya mashine. Akasinzia. Nimepona.

Jumatano, 5 Machi

Nguo thelathini na nne! Karibu zote mablanketi. Bwana Pasi mwenyewe kaniletea kumi na mawili ya wateja wake, eti Mwalimu, kwa bei hii sikuwezi. Maskini, kaelemewa. Nikamfafanulia hesabu yangu ya thelathini. Alisikiliza kwa adabu mpaka machozi yakamtoka, akakimbilia kwake ameziba mdomo.

Ajabu moja: sabuni ya wiki nzima imekwisha adhuhuri.

Alhamisi, 6 Machi

Mablanketi arobaini. Umeme wa mwezi umekwisha. Sabuni nimekopa dukani. Na kesho fundi anangoja fedha yake.

Mke wangu kaja kunisaidia kuanika. Kauliza: baba watoto, blanketi na shati vinakula sabuni sawa? Nikamwambia asivuruge somo, blanketi ni nguo moja. Kauliza tena mbona Pasi anayapima kilo, anawatoza wenye mablanketi haya elfu moja moja, kisha anayaleta kwetu. Nikamjibu ndiyo maana Pasi hajui ni nguo ngapi zinarudisha gharama zake. Akanitazama kama anayetazama sufuria iliyotoboka.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi hakungoja jioni. Kaiuza cherehani. Mnunuzi: Bwana Pasi!

Mke wangu kajua yote. Kachukua mkasi wake, kavuka barabara. Sasa yuko kule dirishani, anashonea wateja wa Pasi nguo zilizochanika kwa mshahara, kwenye cherehani yake mwenyewe. Kasema chakula nitakula akitoka kazini, kama atanikumbuka.

Jumamosi, 8 Machi

Tangu alfajiri nakagua hesabu. Haina kosa hata moja. Kilichopungua ni wateja tu. Mablanketi arobaini yametia hasara. Basi yakifika themanini, lazima tutavuka.

La kufanya leo: futa mia tatu kwenye tangazo, andika mia mbili.